Ng'ombe wa Mama Waliokufa kwa Jina la Mtu Mwingine

Tangu baba alipofariki, mama yangu hakuwahi kukaa mahali pamoja na ng'ombe wake. Yeye alikaa na mimi Mpanda mjini, kwenye chumba cha uani chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Ng'ombe wake walikaa Mwamkulu, kwenye zizi la rafiki wa baba. Mtu akimuuliza anaishi wapi, mama alijibu Mwamkulu. Kwangu alikuwa analala tu.

Nilizoea kumtania. "Mama, mwaka wa sita huu unalala."

"Na wewe mwaka wa sita unanihesabia."

Hakukosea. Mimi ni dalali wa mnadani. Kazi yangu ni kusimama kati ya mwenye ng'ombe na mwenye pesa, nikimwambia wa kwanza kwamba mnyama wake amekonda na wa pili kwamba amenona, mpaka wakutane mahali ambapo wote wawili wananilaumu. Ukifanya kazi hiyo miaka mingi unajikuta unahesabu hata sufuria za mke wako, kisha unarudia kuhakikisha. Lakini ng'ombe wa mama sikuruhusiwa kuwahesabu kwa sauti. Kwetu Wasukuma mtu hasimami mbele ya zizi akataja idadi, ni kama kuita balaa lije lipunguze. Ukiulizwa wako wangapi, unajibu, "Wapo wapo," na muuliza mwenye adabu anaridhika. Walikuwa saba. Mama alijua kwamba ninajua. Wote wawili tulisema wapo wapo.

Yule rafiki wa baba nilimwita baba mdogo, ingawa hatukuwa na damu moja. Yeye na baba walitoka upande wa Shinyanga wakiwa vijana, wakaswaga ng'ombe kwa miguu kupitia Tabora, msimu mmoja hapa, msimu mwingine pale, mpaka wakafika kwenye majani ambayo hakuna aliyewauliza ni ya nani. Siku hizi Katavi kila jani lina mwenyewe: kama si hifadhi ni mkulima wa mpunga, kama si mkulima ni halmashauri. Wao walifika kabla ya maswali.

Baba hakuwahi kuweka ng'ombe wake wote zizi moja. Hakuna mfugaji wa kwetu anayefanya hivyo. Wachache unakaa nao, wengine unampa rafiki akuchungie, na yeye wa kwake wachache anakupa wewe, ili ugonjwa ukiingia kwako usikumalize. Anayekuchungia anakunywa maziwa, anachukua samadi, analimia maksai. Ng'ombe na ndama wanabaki wako, na baada ya miaka unampa mtamba mmoja wa shukrani, jike changa ambalo halijazaa. Hakuna karatasi. Kuna sharti moja tu: ng'ombe akifa, aliyekuchungia anamchuna na kukuletea ngozi. Wewe unaitandika, unaitazama chapa yako, unasema, "Nimemwona." Ukishasema hivyo, maneno yameisha. Humdai, hakudai, na hakuna wa kuja kuuliza kama kweli alikufa au aliuzwa.

Kwa mtu wa kazi yangu, mpango usio na shahidi unawasha mwili. Nimeona mnadani ndugu wa tumbo moja wakigombana kwa ajili ya mbuzi. Lakini huu wa baba na baba mdogo sikuwahi kuutilia shaka. Na kwa mama haukuwa mpango wa ng'ombe tu. Alinieleza mara moja, akiwa anachambua mchele, bila kuinua kichwa. "Mwanamke anayekaa kwa mwanawe akiwa hana ng'ombe," akasema, "mkwe akikohoa tu, anajiuliza kama amekoholewa yeye."

Mke wangu alikuwa na mafua wiki hiyo. Nilimwomba akakohoe kwa jirani.

Msimu wa mafuriko mvua zilikuwa zimepiga kweli, ila siku yenyewe Mwamkulu hapakunyesha. Jua lilikuwa linawaka, watu wanapalilia mpunga, ng'ombe wako chini kwenye mbuga. Mvua ilinyesha huko juu, na maji yakaja mchana kweupe. Waliokuwepo walisema yalianza kama mtu amemwaga ndoo kwenye nyasi. Ulipogeuka kutafuta aliyemwaga, mbuga yote ilikuwa imeshafunikwa. Ng'ombe anaogelea, watu wengi wa mjini hawajui. Lakini haogelei kwenye maji yanayokuja na magogo.

Siku chache baadaye baba mdogo alikuja kwangu kwa bodaboda, amepakia ngozi nyuma, zimekunjwa na kupigwa chumvi, inzi wanamfuata kama waombolezaji. Dereva alitaka nyongeza kwa ajili ya harufu. Nikamwambia harufu haina uzito. Akaniambia basi nipande mimi hadi Mwamkulu nikiwa nimezikumbatia, halafu tuzungumze bei. Nikalipa.

Baba mdogo alizitandika uani moja baada ya nyingine, upande wa chapa ukiwa juu. Zilikuwa nne. Miguu yake ilikuwa imevimba na ina mikwaruzo hadi magotini. Mama alitoka chumbani, akajifunga khanga vizuri, akainama akagusa kila chapa kwa kidole. Ilikuwa bado ile ya baba.

"Mayu," baba mdogo akasema, ndivyo alivyomwita siku zote, mama, "ng'ombe wako ni hawa."

"Nimewaona," mama akasema.

Wakakaa. Mke wangu akaleta chai. Mama akamuuliza, kwa heshima, "Na wa kwako, baba?"

"Wapo wapo."

Tukaridhika. Alikunywa chai, akaomba maji ya kunawa, akaondoka.

Miezi ikapita. Ngozi mama alizitundika kwenye ule ukuta wa jirani, jirani akalalamika, mama akamwambia dirisha ni lake mama na ukuta ni wa jirani, kwa hiyo kila mtu avumilie kilicho upande wake. Kisha ikatangazwa, kwenye redio na mikutano ya vijiji, kwamba wafugaji waliopoteza mifugo kwenye mafuriko watapewa mkono wa pole na serikali. Mnadani hatukuamini. Tangu lini serikali ikalia msiba wa ng'ombe? Sisi tulizoea ije ikiwa na faini. Mzee mmoja alisema atapeleka jina lake, na akiona wameandika vizuri atalifuta haraka.

Sharti lilikuwa uthibitisho. Afisa mifugo angekaa ofisi ya kijiji siku kadhaa, na kila aliyedai ng'ombe aliyekufa alete ngozi yenye chapa, au sikio lenye alama. Na mwenye zizi ndiye atakayeandikwa. Ng'ombe waliofia kwenye zizi lako wanahesabika wako.

Baba mdogo alirudi kwangu, safari hii kwa baiskeli, akavua kofia mlangoni kama mtu aliyekuja kuposa.

"Mayu, naziomba zile ngozi. Wanataka kuziona."

"Akina nani?"

"Serikali."

"Serikali inataka ngozi za kazi gani?"

"Wanataka waamini."

Mama akacheka. "Chukua. Waambie wakishaamini wazirudishe."

Walizirudisha. Baba mdogo alizileta baada ya wiki, kila moja imepigwa msalaba mkubwa wa rangi nyekundu upande wa manyoya, ili isije ikarudi kwenye foleni ikiwa mkononi mwa mtu mwingine. Yule afisa sikumwona kwa macho, lakini nilimheshimu. Mama akaitazama misalaba yake, akazirudisha ngozi ukutani. Baba mdogo hakusema lolote kuhusu pesa kwa sababu pesa ilikuwa bado, na mama hakuuliza kwa sababu ile ile.

Pesa ilipotoka, iliingia kwenye simu za watu, na jioni ile ile habari ilikuwa imefika mnadani. Haikuwa nyingi. Kwa ng'ombe mkubwa mmoja walitoa chini kidogo ya nusu ya bei tunayomuuzia mnadani, na hiyo ni siku mbaya. Lakini ilikuwa pesa ya bure, na pesa ya bure ina makelele. Nilisikia fulani amepata, fulani amekosa, fulani amenunua pikipiki na amepotea. Nikasikia na baba mdogo amepata.

Nikamwambia mama. Akasema, "Atakuja."

Hakuja. Mvua zikaisha, mpunga ukavunwa, barabara ya Mwamkulu ikakauka ikawa vumbi. Kila jioni nikirudi mama aliniuliza habari za mnada kwa urefu, bei ya maksai, bei ya mbuzi, nani alikuwepo, na nilijua swali lenyewe liko wapi ndani ya maswali hayo. Nikimwambia sikumwona, anageukia sufuria.

"Kwani si ulisema nimewaona?" nikamuuliza siku moja. "Si maneno yaliisha?"

"Niliona ng'ombe wamekufa. Hayo yaliisha. Pesa sijaiona." Akaonyesha ukutani kwa kijiko. "Zile zimepigwa rangi mbele ya watu. Serikali imetoa pole kwa ng'ombe wangu. Mimi ndiye niliyefiwa."

"Unataka yote au nusu?"

"Wewe ndiye dalali," akasema. "Nataka mtamba mmoja wa kuziba pengo. Sitaki vita."

Mtamba mmoja. Hayo ndiyo yalikuwa mahitaji yake, na nusu ya pesa ya wale wanne ingetosha. Nilipanda pikipiki nikaenda Mwamkulu nikiwa na hesabu yangu kichwani, na hesabu ilikuwa ya kawaida kabisa. Nikitaka nusu, nianze na yote. Yeye atasema hakuna kitu, mimi nitashangaa, yeye atataja robo, mimi nitasimama kama naondoka, mke wake atatuletea maziwa, na tutakutana katikati. Nimefanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba mdomo unajua njia.

Nilimkuta anashona kamba ya ng'ombe chini ya kibanda. Zizi lilionekana kubwa. Nilidhani ng'ombe bado wako malishoni. Mke wake, ambaye namwita mama mdogo, alinipa mgando kwenye kibuyu, tukaulizana habari za nyumbani hadi zikaisha. Nikamweleza nilichotumwa.

Hakukasirika. Alifikiri, akauma uzi kwa meno.

"Mwanangu, msiba ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Walioingia kwenye maji ni akina nani?"

"Ni wewe, baba mdogo."

"Sasa msiba ukiwa kwangu, rambirambi inapelekwa nyumba gani?"

"Inapelekwa kwa wafiwa," nikasema. "Ukimuuguza mgonjwa wa mtu akafia kwako, wewe unapewa pole, sawa. Lakini anayevaa nguo nyeusi si wewe."

Akacheka kidogo. Nilifurahi, nikaona tumeanza vizuri. "Una mdomo wa baba yako," akasema. "Basi mama yako anasemaje?"

"Anataka pesa ya ng'ombe wanne."

"Yote?"

"Yote."

Akaacha kushona. "Hayo ni maneno ya mama yako, au ni ya kwako?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema ukweli, kwamba mama anataka mtamba mmoja na kilichobaki ni mimi na mazoea yangu. Lakini dalali hataji bei ya mwisho mwanzoni. Nikasema, "Ya mama."

Akainuka, akachukua kofia yake. Nikadhani anakwenda kujisaidia, ambayo pia ni mbinu. Akasema, "Twende kwa wakala."

Tulikwenda kwa miguu hadi kwenye kibanda cha wakala. Akatoa pesa kwenye simu, ile ya ng'ombe wanne, kamili. Haikuwa imeguswa. Akanikabidhi bila kusubiri nimalize kuhesabu, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu mara ya pili kabla sijajiona.

Mnadani ukitaja bei na mtu akalipa papo hapo, hufurahi. Unajua umekosea kitu, ila hujui ni upande gani.

"Baba mdogo, mbona hukusema kitu? Tungezungumza."

"Nilikuwa nangoja mama yako aniite tukae," akasema. "Sikujua ni ya nani. Kwetu ng'ombe akifa hajawahi kulipwa. Nikasema yeye ndiye mkubwa, ataniita, tutakaa chini tutaona tunafanyaje. Ndiyo maana sikuila."

"Na yeye alikuwa anakungoja uje."

"Basi tulingojana." Akafunga simu yake kwenye mfuko wa nailoni. "Wale watatu waliobaki, njooni mwachukue kabla ya Jumamosi."

"Hatujafika huko, baba."

"Tumefika. Mimi na baba yako hatukuwahi kutajiana bei. Wewe umekuja nayo, nimeilipa. Sasa mkiwaacha hapa na mmoja akivunjika mguu, nitalala vipi? Nitakuwa nawachunga kwa hofu. Mwachukue."

Niliomba. Ninajua kuomba, ni nusu ya kazi yangu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akaniaga vizuri, akaenda zake kwenye kamba yake.

Mama mdogo ndiye aliyenisindikiza hadi nilipoacha pikipiki. Alikuwa amebeba kibuyu ili ionekane anakwenda kukiosha. Akaniambia wa kwao walikufa tisa.

Nilidhani sikusikia. "Tisa? Si alisema wapo wapo?"

"Ulitaka asemeje? Alikuwa amekuja kumpa mama yako pole."

Akanieleza. Maji yalipoanza kupungua jioni ile, baba mdogo aliingia kwenye tope na kisu. Akaanza na wale wenye chapa ya baba, kwa sababu hao wana mtu wa kuwaona. Aliwachuna mpaka mwanga ukaisha. Wake aliwaacha. Alimwambia mkewe kwamba ng'ombe wa mwenyewe hana haraka, hakuna wa kumdai ngozi yake. Kesho yake maji yakapanda tena. Alipowafikia, wengine walikuwa wamekwenda na mto na wengine hawafai kushikwa. Akapata ngozi mbili. Afisa alipokuja, kati ya ngozi sita alizopeleka nne zilikuwa za mama. Kwa ng'ombe tisa wa kwake, alilipwa wawili.

"Ungeniambia kabla," nikasema.

"Ulikuja ukiwa umeshavaa sura ya mnadani," mama mdogo akasema. "Nikasema niwapishe wanaume wazungumze."

Nilisimama pale na pesa mfukoni. Ningeweza kugeuka. Nilijiambia kwamba kumrudishia mtu pesa aliyokulipa kwa hasira ni kumtukana mara ya pili, na kwamba uamuzi ni wa mama. Yote mawili yalikuwa kweli, na nikapanda pikipiki.

Mama alipokea pesa, akaishika bila kuihesabu, maana aliona uso wangu. Nikamweleza kila kitu, hadi mtamba ambao sikuutaja.

"Wewe nilikutuma mtamba mmoja."

"Nilianza juu ili tushuke."

"Yeye si mnunuzi," akasema. Kisha akakaa kwenye kigoda, wala hakunigombeza, jambo ambalo lingenisaidia. "Nilimuuliza na wa kwake. Si ulinisikia? Akasema wapo wapo, na mimi nikaamini. Mimi, binti wa mfugaji. Miguu yake ilikuwa imechanika vile, nikamtazama na nikaamini."

Asubuhi yake alikwenda mwenyewe, pesa ameifunga kwenye pindo la khanga. Alikataa nimpeleke mimi, akachukua bodaboda. Alirudi jioni na pesa ikiwa pale pale kwenye pindo, na nusu ya kuku aliyechinjiwa, imefungwa kwenye jani la mgomba. Walimpokea vizuri sana, alisema, na hapo ndipo alipojua imekwisha. Mtu aliyekuwa akiingia jikoni kwao akijipakulia mwenyewe, safari hii alitandikiwa mkeka mpya.

"Amesemaje?"

"Amesema, mayu, uliona ngozi ukasema umewaona. Kisha ukatuma mtu. Leo tukisema yameisha tena, mara ya tatu tutasema nini?" Akafungua pindo, akanipa pesa nikaiweke. "Hana hasira. Afadhali angekuwa na hasira."

Ijumaa nikaenda kuwaswaga wale watatu: ng'ombe jike mkubwa, dume dogo, na mtamba mwekundu mwenye mimba ya kwanza. Baba mdogo hakuwepo, alikuwa amekwenda shamba. Mama mdogo aliwafungulia. Mtamba alirudi zizini mara mbili, ikabidi avutwe kwa kamba.

Siku mbili za kwanza mama alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona mjini. Alikata majani kando ya mtaro, aliwachotea maji, aliongea nao Kisukuma hadi jirani akadhani tumepata wageni. Siku ya tatu dume liliingia bustani ya mchicha ya mwalimu. Siku ya nne akaja mtu wa kata, akasoma sheria ndogo inayokataza ng'ombe kuzurura mjini, akataja faini. Nikamshusha hadi onyo. Lakini onyo lina mwisho.

Nikaanza kutafuta mtu wa kuwachunga. Sitalike kuna jamaa, ila ni pembezoni mwa hifadhi, simba hawasomi mpaka. Nikaenda Litapunga kwa mtu wa ukoo wetu mwenye zizi zuri na eneo la kutosha. Alinikaribisha, akanisikiliza, akakuna kidevu.

"Ng'ombe nawataka, ndugu yangu. Jike lile ningelinywea chai mwaka mzima. Lakini hebu niambie, akinifia mmoja, nalipwa na nani, au namlipa nani?"

"Hulipi mtu. Unaleta ngozi tu."

"Yule mzee wa Mwamkulu alileta ngozi."

Wengine hawakusema wazi hivyo. Mmoja alisema zizi limejaa, na zizi nililiona. Mwingine alisema nimpe muda azungumze na mkewe, na mkewe yuko Urambo. Habari za mnadani zinasafiri na mimi mwenyewe ndiye nimezisafirisha kwa miaka, kwa hiyo sikuwa na wa kumlaumu kwa mwendo wake.

"Wauze," mama akasema.

"Tungoje kidogo."

"Tumengoja sana kwenye jambo hili. Wauze, ila mtamba asichinjwe."

Mama alikuja mnadani mwenyewe, akakaa upande wa mama ntilie, mgongo kwa zizi, na kila mara akigeuka. Jike na dume walichukuliwa mapema na mfanyabiashara wa kusafirisha. Kamisheni sikuchukua, wenzangu wakanitania kwamba nimeokoka. Mtamba walimtaka wachinjaji wawili, nikawatajia bei ya kuwafukuza, wakafukuzika.

Saa za mchana nikamwona baba mdogo. Alikuja moja kwa moja, fimbo begani, akasimama upande wa pili wa mtamba.

"Huyu anauzwa?"

"Anauzwa."

"Ana kasoro gani?"

Alimwona akizaliwa. Alimkinga na maji yale. Lakini aliuliza, na alingoja jibu.

"Hana kasoro, mzee," nikasema. Nilisikia nilivyomwita baada ya kuwa nimeshamwita.

Akamfungua mdomo, akatazama meno. Akapapasa tumbo. Akaniambia mbavu zinaonekana, nikamwambia ni majani ya mjini, atarudi. Akataja bei. Ningeitikia hapo hapo, na mama alikuwa ameshaniagiza nimpunguzie nikimwona. Lakini nilijua nikipokea haraka ataona anasaidiwa, na atamwacha. Kwa hiyo nikashangaa. Akaongeza kidogo. Nikasimama kama naondoka. Akaondoka yeye kweli, akaenda akatazama ng'ombe wa mtu mwingine, akarudi. Wenzangu wakaja kutazama, wakaanza kupiga kelele za kututia moyo. Tulikwenda hivyo mpaka koo likanikauka, tukakutana kwenye bei halali, bei ambayo angelipa mtu yeyote aliyetoka Sumbawanga leo asubuhi. Sijawahi kufanya biashara safi kama ile, na sitaki nyingine.

Pesa alitoa kwenye mfuko wa shati. Ilikuwa ya wale wawili wake, nilijua kwa kiasi: mkono wa pole wa ng'ombe wawili unakupa karibu mmoja. Kilichopungua aliongezea noti za zamani zilizokunjwa kunjwa. Akalipa ushuru, akapewa kibali, akamfunga mtamba kamba. Hakumvuta. Mtamba alitangulia mwenyewe kuelekea njia ya Mwamkulu.

Alipopita kwa mama ntilie, alivua kofia. Mama akasimama.

"Mayu, hujambo."

"Sijambo, baba. Nyumbani?"

"Salama."

Akavaa kofia, akapita.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nilihesabu, sikuweza kujizuia. Kabla ya pesa ya serikali, mtamba mwekundu alikuwa zizini kwa baba mdogo. Baada ya pesa ya serikali, mtamba mwekundu yuko zizini kwa baba mdogo. Nikarudia hesabu, ikatoka vile vile, na sikumwambia mama.

"Umempunguzia?" akaniuliza.

"Alikataa kupunguziwa."

Akatembea kidogo. "Kwa tumbo lile atazaa kabla ya mvua."

"Atazaa."

"Utaniambia."

"Si wako tena, mama."

"Nimesema utaniambia."

Alizaa. Nilisikia kwa mtu wa Mwamkulu aliyeleta mbuzi mnadani, akasema ni jike na wote wazima. Nikamwambia mama jioni. Aliacha alichokuwa anafanya, akauliza ndama ni wa rangi gani. Nikasema sikuuliza.

"Kaulize," akasema.

Bado sijakwenda.